Krismasi niliyopokea simu kwenye sofa ya wenyewe, Jericho

Wakuu salama? Na nyinyi mnaosoma kimyakimya mkiwa kazini, salama pia.

Hii sijatunga. Niliyekuwa naye yuko hai na anaweza kuja hapa kunikana.

Ni katikati ya miaka ya tisini. Nimemaliza la nane, form one nimeisikia kwa wengine. Kazi yangu kule Ukambani ilikuwa kuchunga mbuzi na kuota ndoto. Ndoto nilizichunga vizuri zaidi.

Rafiki yangu Kioko alikuwa ametangulia Nairobi. Akija nyumbani ni maneno tu: "Kwangu Jericho kuna sofa, TV, fridge, mpaka simu. Wewe njoo, utakaa kwangu ukitafuta kazi."

Disemba hiyo nikaaga. Nikaaga kabisa: mbuzi akachinjwa, pastor akaniombea, ndugu zangu wakagombania kitanda changu kabla sijafika barabarani.

Kurudi hakukuwepo tena.

Na akili zangu muone. Nairobi nzima inafunga mizigo kwenda ushago, kijijini kwao, mimi ndiye naingia. Nilipishana na watu wote wenye akili.

Kioko akanipeleka moja kwa moja kwenye zile nyumba za kanso, za baraza la jiji, akatoa funguo, akafungua.

Hakudanganya! Sofa ina vitambaa vya kufuma. TV imefunikwa kama bibi harusi. Fridge iko katikati ya sitting room ili mgeni asiikose. Simu imetiwa kikufuli.

"Hii yote ni yako?"

"Sasa ni ya nani? Vua viatu."

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikuzitaka. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi ya mzee mmoja na mkewe. Kioko akasema ni mjomba. Tena Kioko mwenyewe alikuwa na funguo za nyumba nyingine nne, na kila jioni alizunguka kuwasha taa na kulisha kuku.

Nikadhani zote ni zake. Heshima ikapanda.

(Kwa ambao hamkuishi Eastlands siku hizo: waliokwenda ushago walimwachia funguo anayebaki, taa ziwake, wezi wadhani kuna watu. Mimi ningejulia wapi?)

Siku ya Krismasi mpiga picha akawa anapita mlango hadi mlango. Nikataka picha ya kumpelekea mama. Kioko akasita, nikamsumbua mpaka akakubali. Akavaa koti la suti kutoka kabatini, mimi nikakalia sofa, mguu juu ya mguu.

"Shika simu, bro," mpiga picha akasema. "Cheka kama umepigiwa na bosi."

Nikacheka.

Mlango ukafunguliwa. Mzee, mama, na kikapu cha maembe. Ni wale wale wa ukutani! Walikuwa wamekosana na mashemeji huko ushago, wakarudi mapema.

"Karibuni," mzee akasema. "Mjisikie nyumbani."

Mama akaniangalia. "Kioko, huyu amempigia nani, na ufunguo wa hicho kikufuli ninao mimi kifuani?"

Mkonga wa simu bado uko sikioni mwangu, wakuu.

"Tulikukodishia chumba, tukakuachia kuku na taa," mzee akaendelea. "Sofa nani alikwambia inataka kulishwa?"

Ndipo nikajua Kioko alikuwa mpangaji wao, chumba kimoja cha mabati kule nyuma.

"Leo unahama. Wewe na bosi wako wa simu."

Kioko hakuniangalia. Alikuwa anajaribu kuvua lile koti, mkono umekwama, anavuta, hautoki. Nilikuwa na haki zote za kumkasirikia. Lakini ule mkono uliokwama ukanimaliza.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Yeye alikataa. Mimi ndiye nilimlazimisha, nilitaka mama anione nimekalia kitu laini."

Mama akaweka kikapu chini. "Wewe ni wa wapi?"

Nikamtajia.

"Baba Mwende, huyu ni wa kwetu kabisa. Utamfukuza mtoto wa watu leo Krismasi?"

Mzee akamgeukia mpiga picha, aliyekuwa amefika mlangoni kinyemela. "Rudi hapa. Piga. Lakini nyumba ina wenyewe."

Akamvua Kioko koti, akalivaa, akakaa na mkewe. Sisi tukasimama nyuma, mikono mbele kama wanakwaya.

Chumba Kioko hakunyang'anywa. Nililala humo miaka miwili, miguu yangu chini ya kitanda chake, mchana niko Kariobangi najifunza kuchomelea milango. Msamaha aliniomba mara moja tu: "Ningekwambia ukweli, ungekuja?"

Nisingekuja.

Nilichojifunza: mtu akikudanganya ana nyumba nzima, halafu akakugawia nusu ya chumba chake, mhesabu kama rafiki. Wenye nyumba nzima hawakunialika.

Pasaka nilipeleka ile picha nyumbani. Mama yake Kioko akaishika muda mrefu. "Na hawa wazee waliokalia sofa ya mwanangu ni akina nani?"

"Wapangaji wake," nikamjibu. "Watu wazuri, hawasumbui."

Haya, na wewe uliyekaribishwa kwenye nyumba ya watu, lete yako hapa chini. Matusi pia napokea. Ila mkikutana na mama yake Kioko, wapangaji bado wapo.