Herufi ya Mke Wangu Kwenye Matofali ya Bigwa

Mimi niliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa na mwalimu. Hesabu ndiyo ilinifukuza, nami nikaheshimu uamuzi wake. Mke wangu ni dokta, na siyo wa sindano. Anachunguza vitu vya kujengea: udongo, vigae, tofali, kwa nini hiki kinapasuka na kile hakipasuki. Miaka yote alikuwa anachanganya udongo wa Bigwa na majivu ya pumba za mpunga, apate tofali gumu lisilohitaji kuchomwa, watu waache kumaliza miti ya milima ya Uluguru kwa kuni za tanuri. Na alilipata. Yale yaliyofeli yamejenga banda letu la kuku. Kuku wetu wanalala kwenye utafiti.

Kumbe kwa wasomi kugundua hakutoshi. Lazima wasomi wengine, wakiandika makala zao, waseme hili tumelitoa kwa fulani. Wanaita kunukuliwa, na mtandao unahesabu. Chuoni walimwambia hesabu yake isipopanda, mkataba hauongezwi na maabara anapewa mwingine. Akawa anaamka, hata uso hajanawa, anafungua simu kuangalia. Waliomnukuu walikuwa wachache mno, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

"Umejitaja mwenyewe?" nikamwambia. "Si kama bibi harusi kujipigia vigelegele?"

Zamani angecheka. Aliilaza simu kifudifudi mezani. "Mume wangu, naomba leo usinichekeshe."

Nikaogopa. Mimi bila kuchekesha sina kazi nyingine kwenye nyumba ile.

Nikaenda kwa wafyatua matofali wenzangu, maana ndiyo kazi yangu, na wote tulikuwa tunatumia mchanganyiko wake. Nikawaambia shemeji yenu asipotajwa, anaachishwa.

"Atajwe msikitini au kanisani?" akauliza mmoja.

"Kwenye makala."

"Kaka, sisi karatasi tunayoijua ni ya mfuko wa sementi!"

Sasa, kwetu kila mtu ana alama yake ndani ya kalibu, lile boksi la kufyatulia, ili matofali yakianikwa pamoja tusigombane. Huyu msalaba, yule nyota. Mimi nilichonga simba, akatoka kiazi. Nikawaomba: pembeni ya alama yako weka herufi ya kwanza ya jina la mke wangu, watu wajue ujuzi huu tumeutoa wapi. Hakuna aliyekataa. Mmoja alisema, "Shemeji katupunguzia kuni, tunyimane herufi?"

Tofali la kwanza lilipokauka nikalipakia kwenye bodaboda mpaka chuoni, kwa mzee anayeongoza kamati ya mikataba. Mke wangu sikumwambia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tofali la nini ofisini kwangu?"

"Ni nukuu, mzee. Nyingine bado zinakauka."

Angecheka ningepata nguvu. Alilipokea kwa mikono miwili, akaipapasa ile herufi kwa kidole gumba. "Bwana, kazi ya mkeo naijua. Ila hili sina pa kuliingiza. Na kikao kilishakaa jana."

Nikarudi nalo. Liliongezeka uzito njiani, naapa.

Jioni mke wangu akaja na koti lake jeupe la maabara, limekunjwa ndani ya kikapu cha sokoni. Hakulia. Nikajaribu utani wa kuku wetu wasomi. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mwingine chumba cha pili.

Wenzangu hawakujua kwamba ameshaachishwa, wakaendelea kufyatua. Ile herufi ikatokea kwenye choo cha kule bondeni, kwenye ukuta wa saluni, mwisho kwenye nyumba ya jirani anayejenga mbele ya dirisha letu. Ukuta mzima.

"Waambie waache," mke wangu akasema asubuhi moja. "Kila ninapopita najisoma."

Nikaenda. Kalibu zikachongwa upya siku hiyohiyo. Lakini ukuta uliosimama unaufuta na nini? Nikamfuata jirani.

"Jirani yangu, huku upande wetu si upige plasta?"

"Plasta labda mwakani. Kwani ukuta mbaya?"

"Mzuri sana. Ndiyo tabu yake."

Akacheka, akadhani ni utani wangu wa kila siku.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameshashusha pazia, simu iko kifudifudi palepale.

"Amekubali?"

Nilitafuta neno la kuchekesha. Nilitafuta kweli.

"Amesema mwakani."

Akalivuta pazia mpaka ukingoni mwa dirisha, usibaki hata upenyo wa kuuona ule ukuta.