Msichana Aliyekula Ukuta wa Darasa

Mwaka ule nilifundisha darasa la nne katika shule ya kijijini, upande wa Mbozi. Madarasa ya zamani yalijengwa kwa matofali mabichi, na kando ya dawati la msichana mmoja ukuta ulikuwa unachimbika. Nilidhani ni panya, hadi siku nilipomkuta anaukwangua kwa kucha na kutia mdomoni.

Nilisubiri wenzake watoke. "Unakula udongo, mwanangu?"

Aliinamisha kichwa. "Unanukia kama mvua ikianza, mwalimu. Nikijizuia, mate yananijaa."

Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Alikuwa akisinzia karibu kila kipindi, na wenzake walishamwita mvivu.

Jioni nilikwenda kwao. Alilelewa na bibi yake, mkulima wa kahawa. Mama yake alifanya biashara mpakani, Tunduma. Bibi alinipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Nimemchapa kwa huo udongo, mwalimu. Nimempaka hadi pilipili mdomoni. Haachi." Akashusha sauti. "Majirani wanasema amerogwa."

"Tumpeleke hospitali kwanza, bibi."

Tulikwenda Vwawa sote watatu. Baada ya vipimo vya choo na damu, daktari alituambia ni minyoo ya safura, na damu ilikuwa imepungua sana. Minyoo hao, alisema, huingia kwa nyayo mtu akikanyaga peku udongo wenye kinyesi. Bibi aliitazama miguu ya mjukuu wake, akaanza kulia kimyakimya. Choo chao kilibomoka wakati wa masika, tangu hapo wakawa wanajisaidia migombani.

"Na mimi nilimchapa," alisema.

"Hukujua, bibi," daktari alimjibu kwa upole. "Mtu akipungukiwa damu, hamu ya udongo humjia yenyewe."

Msichana alipewa vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu. Mama yake alituma kandambili, wajomba zake wakachimba choo kipya. Muhula uliofuata nilikuwa namkemea kwa sababu anapiga kelele darasani, na moyoni nafurahi.

Tuliporudi hospitali ili apimwe tena, damu ilikuwa imepanda. Nikasimama ili tuondoke. Bibi hakuinuka kwenye benchi.

"Daktari, na mimi nipime. Nimelima peku tangu nikiwa mdogo kuliko huyu."

Mjukuu wake alicheka, akamshika mkono, wakaongozana hadi maabara.