Siku niliyokataa kunywa maji ya bwawa letu

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo naweka langu. Siongezi wala sipunguzi, na watakaonitukana watakuwa na haki.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, siku hizi niko Kibiti mjini. Kwetu ni kijijini, ukishapita Nyamwage unaacha lami unaelekea upande wa Mohoro. Tuna bwawa moja linalojaa mto Rufiji ukifurika, kisha tunalinywa mwaka mzima. Kisima hatuna.

Bwawa hilo lina sharti. Ukivua samaki humo, kabla hujagawa hata mmoja, unakunywa kata nzima ya maji yake mbele za watu.

Sharti lilitoka wakati wa Vita vya Maji Maji. Bibi alisimuliwa na mama yake, aliyekuwa msichana enzi hizo. Askari wa Mjerumani walichoma mpunga, watu wakajificha vichakani kando ya bwawa, njaa inawauma. Mtu mmoja, tena wa ukoo wetu, akatia sumu ya mti ili apate samaki haraka. Hakumwambia mtu.

Na watu walikuwa wameaminishwa kuwa maji ni kinga, hata risasi haipiti. Nani angeogopa kunywa? Bibi anasema watoto waliofia pale hawakuuawa na bunduki.

Stori hiyo nimekua nayo, nikaiona ya kutishia watoto.

Mwaka juzi tulikuwa na hitima ya marehemu baba. Mimi ndiye mkubwa, nikaahidi kitoweo. Nimetega nyavu siku mbili napata visamaki vya kulisha paka, na wageni wameanza kuingia. Ndani nilikuwa na kichupa cha dawa ya kupulizia mikorosho.

Nikajiambia kidogo tu, bwawa ni kubwa. Kinamama walishateka asubuhi wakaondoka. Nikamimina.

Wakuu, nilidhani nitafurahi. Kambale na perege wakaanza kupanda juu, wanazunguka kama walevi. Kisha vyura. Kisha pakawa kimya kabisa, hata mdudu halii.

Bado nikaokota samaki. Ndiyo akili yangu ilipoishia.

Nafika nyumbani, watu wamejaa. Mke wangu alishatumwa kuteka maji ya sharti, akayateka upande wa pili wenye magugu, hakuona kitu. Bibi kashika kata. Kwa utani wa bibi na mjukuu huwa ananiita mume.

"Haya mume wangu, kunywa tugawe."

"Bibi, leo Jumatatu, nimefunga sunna."

Wageni wakasema mashallah. Nikadhani nimepona.

Bibi akacheka. "Si neno. Mume kafunga, mke atakunywa. Lete mie."

Ana miaka themanini na ushei. Kata ilishagusa mdomo nilipoipiga kwa mkono ikaruka, maji yakamlowesha kanga. Watu walitazama ndoo ya samaki, wakanitazama mimi.

Baada ya hapo ni mbio tu. Kuzuia watu nyumba kwa nyumba, kumwaga maji, kufukia samaki. Mbuzi wawili wa jirani walishakunywa, walikufa kabla ya alasiri. Nilijipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Hitima ya baba ilisomwa, watu wakatawanyika bila kula.

Kuanzia siku ile kinamama wakawa wanateka mtoni, mwendo wa saa nzima, na mto ule una mamba. Mke wangu akitoka na ndoo mimi nakaa mlangoni mpaka nimuone anarudi. Ilikuwa hivyo miezi.

Mto ulipofurika tena, bwawa likajisafisha. Bwana afya akachukua maji yakapimwa, akasema yanafaa. Watu walishukuru. Mimi nikawaza sumu yangu imeshuka na mto hadi Mbwera, kwa wavuvi wasionijua hata jina. Hilo linanitisha mpaka leo.

Funzo, wakuu: kwenye maji hakuna kidogo tu. Bwawa linaingia mtoni, mto unaingia baharini, na huko kuna mtu anainama kuteka. Sheria za ofisini ziwepo, lakini na sisi tuwe na sharti la kumfanya mtu anywe alichotia.

Siku ya kufungua bwawa Bibi alinipa kata mbele ya kijiji kizima. Nilikunywa yote. Kisha hakuna aliyeteka. Walirudi na ndoo tupu, na kwa siku tatu, kila asubuhi, walipita mlangoni kwangu kuangalia kama nimeamka.

Karibuni mchangie, hata wenye hasira. Huko kwenu maji yanalindwaje, na nani anakunywa wa kwanza?