Mama Haketi Tena Darini

Nikimwambia mtu ninakokaa, hunionea kijicho kabla sijamaliza kusema. Mji wa Kale! Marikiti pale, msikiti pale, hospitalini waenda kwa miguu, bahari i mlangoni. Dadangu aliyeolewa Bondeni huniambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini siku hizi nashukuru huku nimekunja uso.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya ghorofa, aliijenga babu yake mama. Haina ua. Huku kwetu nyumba zimebanana, kwa hivyo ua wetu uko juu, darini: sakafu wazi iliyozungushwa ukuta wa kufika kiunoni. Huko ndiko tunakoanika nguo na kupepeta mchele, na huko ndiko mama alikokuwa akipanda kila siku baada ya kuswali alasiri. Alikuwa akivua mtandio, akifumua nywele zake, akizitia mafuta ya nazi na kuzichana polepole huku upepo ukimpunga. Nywele za mama ni nyeupe zote, nazo zamfika mgongoni. Tangu baba afariki, hakuna aliyeziona ila sisi wanawe, wajukuu na shoga yake mmoja.

Shoga huyo alikaa upande wa pili wa ukuta. Dari yake ilikuwa sawasawa na yetu, na wao wawili walizungumza kila mmoja ameegemea upande wake. Huyu akipika tambi, bakuli lilipitia juu ya ukuta. Yule akikaanga samaki, bakuli halikurudi tupu. Bibi huyo alipofariki, watoto wake walikuwa wametawanyika ng'ambo, na mjukuu wake mmoja akaigeuza nyumba kuwa ya kulaza wageni. Hatukuona ubaya. Nyumba ngapi za mtaa huu zimeachwa hadi zikaporomoka? Hii ilipakwa chokaa, na mlango wake ukasuguliwa mpaka nakshi zikaonekana upya. Kisha mafundi wakaongeza juu ya dari kibanda cha boriti na makuti, wakaweka viti na mito ya kuegemea. Sasa wageni wao wakawa wakikaa juu yetu, wakinywa sharubati na kutazama bandari. Na kabla ya jicho kufika bandarini, lapita kwanza kwetu.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nasahihisha kazi za wanafunzi wangu, nikamsikia mama ashuka ngazi kwa haraka ambayo magoti yake hayaiwezi. Mtandio ameuzungusha ovyo, upande mmoja wa kichwa umechanwa na mwingine umetimka.

"Kuna nini, mama?"

"Nenda kaone mwenyewe. Kuna mtu anipiga picha."

Nikapanda. Kule juu alikuwako mgeni mmoja wa kike, kamera mkononi. Aliponiona alitabasamu, akanipungia mkono. Nilimweleza kwa Kizungu kwamba yule ni mamangu, na kwamba hapa ni nyumbani, ndani kwetu. Uso ukambadilika. Aliomba radhi mara nyingi, akaifuta picha mbele ya macho yangu. Hata nafasi ya kumkasirikia hakunipa, nikashuka na hasira zangu zote.

"Ameifuta," nilimwambia mama.

"Hiyo umeiona wewe," akasema. "Ngapi hukuziona?"

Tangu siku hiyo hakupanda tena. Alichania nywele chumbani, dirisha limefungwa, feni ikirusha joto lile lile.

Nilikwenda kwa msimamizi wa nyumba ile, kijana mpole kutoka Kaloleni. Alinikaribisha kiti na kunisikiliza hadi mwisho.

"Dada, nakuelewa," alisema. "Mamangu mimi bafu lake liko nje, la makuti, na hakuna mtu amchunguliaye. Lakini mwenye nyumba yuko mbali. Acha niweke vyungu vya maua kule juu."

Aliviweka kweli. Maua yakafika magotini, na wageni wakawa wakivisogeza kando ili waone vizuri. Nikanunua turubai, nikalifunga upande wetu kwa kamba. Siku chache baadaye yule kijana akabisha hodi, macho chini. Wageni walikuwa wakimuuliza kama kwetu kuna ujenzi. Turubai lilikuwa likiharibu mandhari.

Nilicheka, maana la sivyo ningemtukana, na hakuwa na kosa. "Mandhari ni sisi, kaka," nilimwambia.

Mwenye nyumba mwenyewe, yule mjukuu, alikuja msimu wa likizo. Tulimjua tangu akiwa mtoto wa kukimbia darini bila viatu. Alitoa masalkheri, akambusu mama mkono, akaletewa kahawa na kaimati. Akazisifu kaimati, akasema huko aliko hazipatikani. Mama alimwacha amalize kikombe.

"Mamangu," akaanza, "nimesikia kuna usumbufu kidogo. Wewe wajua, mimi nimekulia hapa. Wewe ni kama mamangu mzazi."

"Kama mimi ni mamako," mama akasema, "mbona wauza kunitazama?"

Alikiweka kikombe chini, akakizungusha juu ya kisahani. Mwishowe akasema atatujengea ukuta, kwa gharama yake, upande wetu, mrefu kushinda kichwa cha mtu aliyesimama kule juu.

Akatimiza ahadi. Mafundi walipandisha matofali mpaka bandari ikatoweka, na upepo nao ukatoweka. Chokaa ilipokauka nilimpeleka mama juu, nikamtandikia mkeka wake. Alivua mtandio. Akakaa. Jua lilikuwa limeupiga ukuta ule mchana kutwa, nao sasa ulikuwa ukiturudishia moto wote. Hakufika hata kufumua nywele; jasho lilimtiririka shingoni, akajifunga tena mtandio, akanipa mkono nimwinue.

"Nimestirika," akasema akishuka. "Kama niko kaburini."

Siku hizi, alasiri ikishaswaliwa, namvisha buibui na kumpeleka Bondeni kwa dadangu. Twapita vichochoro vyetu wenyewe tukisubiri watu wamalize kupigana picha kwenye milango. Dadangu anakaa ghorofani, na upande wa nyuma kuna kibaraza kinachotazama matangi ya maji na ukuta wa jirani usio na dirisha. Hakuna awezaye kukuita mandhari pale. Mama hukaa kwenye kigoda, dadangu akamtia mafuta.

"Hapa pana upepo," mama husema, na dadangu hunitazama kama mtu aliyeshinda mchezo. Hanihimizi kushukuru tena.

Mimi hurudi peke yangu kupika. Jana, siku ya mawingu, nilipanda darini kutoa nguo. Nyuma ya ukuta, juu, vilisikika vijiko vikigonga bilauri na mtu akimwambia mwenzake kwamba upepo wa hapa hajawahi kuuona mahali pengine. Nikazishika leso za mama kambani. Zilikuwa zimeanikwa tangu asubuhi na bado mbichi. Nikazishusha, nikazitandaza juu ya viti vya sebuleni, nikaiwasha feni.