Fundi Aliyeunganisha Hita Yangu

Fundi huyo hufuta kidole kwenye suruali kabla ya kugusa ukuta wa mtu, na huongea huku amebana skrubu midomoni, kwa hivyo maneno yake hutoka nusu nusu. Mume wangu, aliyehamia Nanyuki kwa mke mwingine, ndiye aliyemtuma huku Kibirichia aunganishe hita, taa na geti kwenye simu yake, ili yeye mume awe anaviwasha na kuvizima akiwa huko Nanyuki. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa pesa za viazi nilivyolima mimi. Fundi alifunga kidude cha kupimia joto ukutani, akakigonga kwa ukucha kama anayepima tikiti, kisha akampigia. Nikasikia mume wangu akicheka: "Weka simu yangu peke yake. Huyo hajui kusoma, atabonyeza nini?"

Fundi akatema skrubu kiganjani. "Mzee, baridi iko huku, wewe uko huko. Hiyo siwezi." Akakata simu. "Mama Mukiri, leta simu yako."

"Mimi sijui herufi."

Akaichukua, akaiunganisha na hita. "Hakuna herufi hapa. Ukisikia baridi, sukuma haka kapicha ka moto juu."

Nikakasukuma. Hita ikaanza kuvuma.

"Sasa mtoe yeye wa Nanyuki," nikasema.

Akafuta kidole kwenye suruali, akamtoa.