Mbweha wa Nyuma ya Nyumba ya Ami Harub

Mahbuba bint Suud alifika Maskati mwishoni mwa mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, pamoja na mama yake Bi Kheiria, masanduku mawili na kapu la nguo. Unguja alikuwa mwalimu wa wasichana. Baba yake, karani aliyeipenda kamera kuliko kalamu yake, alikuwa amefariki mwaka ule ule wa mapinduzi, na kitu chake pekee walichoweza kuondoka nacho ni hiyo kamera, ya Kijerumani, yenye mfuko wa ngozi. Mahbuba aliipitisha forodhani ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga za mama yake.

Aliyewapokea ni Ami Harub, mdogo wa baba yake, mfanyabiashara wa nguo aliyehamia Maskati zamani. Nyumba yake ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, ghorofa mbili, mgongo wake umeegemea jabali. Ami Harub alikuwa mtu mwema mwenye khofu nyingi. Ili jamaa zake waruhusiwe kushuka chomboni ilimbidi aweke saini kuwa yeye ndiye mdhamini wao, na tangu siku hiyo kila hodi mlangoni ilimshitua.

"Huku si Unguja, mwanangu," alimwambia Mahbuba wiki ya kwanza. "Huku hutoki bila ya ruhusa, na ukitoka huna hakika ya kurudi. Tulia ndani na mama yako. Mtakula, mtavaa, hamtakosa kitu."

Kweli hawakukosa kitu. Mahbuba aliomba ruhusa ya kwenda Kuwait kusomesha, maana huko walimu walikuwa wakitafutwa. Barua yake ilipelekwa Salala, alikokaa Sultani. Akangoja miezi mitatu, kisha sita. Akaandika nyingine. Haikujibiwa hata moja, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Mchana aliupitisha jikoni, jioni akipanda juu darini kuanua nguo, na dari ile ilikuwa imezungushiwa ukuta wa kimo cha kifua. Upande mmoja aliona jabali, upande wa pili ngome, na katikati ya viwili hivyo bahari kidogo, upana wa mkeka.

Mwaka 1966 alitokea Bi Hilda. Huyu alikuwa Mwingereza, mke wa fundi wa mitambo ya simu, na alitaka mwanamke wa kumfundisha Kiarabu anayejua na Kiingereza. Ami Harub alikubali kwa sababu nyumba yake ilikuwa mlango wa tatu tu, na Bi Kheiria angefuatana na binti yake kila mara.

Siku ya kwanza Mahbuba hakufundisha hata neno. Ukuta mzima wa sebule ya Bi Hilda ulijaa picha za wanyama na ndege wa kwao. Kulikuwa na kalunguyeye kando ya jani lenye umande, kandege kenye kifua chekundu juu ya mpini wa jembe, mbweha akipiga miayo, na mnyama mmoja mnene mwenye mistari myeupe usoni ambaye Mahbuba hakuwa na jina lake kwa lugha yoyote.

"Nani aliyezipiga?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Hilda. "Huyu mbweha nilimngojea majuma matano. Nililala kifudifudi kwenye majani, mvua inaninyeshea."

Bi Kheiria alipotafsiriwa maneno hayo alishika shavu. "Mtu mzima? Mke wa watu? Anamlalia mbweha kifudifudi?"

Lakini Mahbuba alikuwa haangalii tena ukuta. Alikuwa akimwangalia yule mama wa Kizungu, jinsi uso wake ulivyobadilika alipolitaja lile juma la tano. Aliujua uso ule. Baba yake alikuwa nao kila anapotoka chumba cha giza na picha mkononi, bado inachuruzika maji.

Wiki iliyofuata alimwambia Bi Hilda kuwa ana kamera. Bi Hilda akampa filamu tatu, na akaahidi kuzipeleka Bahareni kusafishwa pamoja na zake.

Picha za kwanza ziliporudi, Bi Kheiria aliziangalia moja moja, akauliza, "Ndege yuko wapi?" Alikuwepo. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, juu ya ukuta mrefu mweupe. Bi Hilda alicheka, kisha akaeleza kuwa kamera ile haina macho ya mbali. Mwenye kamera kama ile hana budi kusogea karibu, na ndege hakubali kusogelewa, basi afanye mpaka ndege asogee mwenyewe.

Mahbuba akafikiri. Ndege wa darini walikuwa hawaogopi nguo zilizoanikwa. Kwa hivyo alianika shuka mbili kwenye kamba, akaketi katikati yake juu ya kigoda, akatoboa tundu la kupenya kioo cha kamera. Mbele, hatua mbili tu, aliweka bakuli la maji. Kisha akangoja.

Alingoja asubuhi nne. Siku ya tano alikuja ndege mdogo mweusi kwa mweupe, mkia wake hautulii, juu chini, juu chini. Akanywa. Mahbuba aliziona nyayo zake zilivyolowa, akaliona tone la maji likining'inia mdomoni. Akabonyeza. Ndege akasikia kile kishindo kidogo, akageuza kichwa, akamtazama, kisha akanywa tena. Mahbuba aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye alipokuwa mwalimu wangu, kwamba alilia ndani ya shuka zile, na kwamba tangu ashuke chomboni hakuwahi kulia mpaka siku hiyo.

Bi Hilda alipoiona picha ile alisema, "Huyu tunaye kwetu. Na mbayuwayu wanaopita hapa pia, wengine labda wanatoka huko."

"Wanapita?" aliuliza Mahbuba.

"Ndiyo, wanapita."

Mahbuba akasema, "Wao wanapita."

Mwanzoni mwa mwaka 1967 alimgundua mbweha. Alfajiri moja, kabla jua halijatoka, aliona kitu cha rangi ya vumbi, chenye masikio makubwa, kikishuka jabalini nyuma ya nyumba na kunusa majaa. Tangu siku ile hakuwa na kazi nyingine moyoni. Alimwekea vichwa vya nguru juu ya jiwe chini ya ukuta wa dari, kila siku jiwe la karibu zaidi.

"Watu wanafuga kuku," alinung'unika Bi Kheiria, "sisi tunafuga mbweha." Lakini vichwa vya samaki alivihifadhi yeye mwenyewe.

Ilipita miezi miwili. Mbweha akifika jiwe la tatu, mwanga hautoshi. Mwanga ukitosha, mbweha keshaondoka. Hatimaye asubuhi moja ya mawingu alichelewa, akakaa kwenye jiwe la karibu kabisa, akainua uso. Mahbuba alipiga mara moja tu. Filamu ikaenda kwa Bi Hilda siku ile ile.

Siku tatu baadaye jirani yao Bakhit alikuja kumwona Ami Harub. Hakupaza sauti. Alisema kuwa alipoamka kusali aliona darini kitu cha kioo kikichungulia baina ya shuka, na ua wake uko chini ya dari ile, na binti zake hulala uani wakati wa joto.

"Sijamwambia mtu," alisema Bakhit. "Nimekuja kwako kwanza. Lakini wewe unajua wakubwa wakisikia habari ya kamera isiyo na ruhusa itakuwaje."

Ami Harub alipanda ngazi. "Lete," alisema.

"Ami, napiga ndege tu. Haki ya Mungu, ndege na mbweha. Uelekeo wangu ni jabalini, si uani kwa watu."

"Nakuamini. Wao hawatakuuliza unapiga nini. Wataniuliza mimi, niliyeweka saini. Mtapelekwa wapi, wewe na mama yako? Mna kwenu pengine?"

Mahbuba akaivua kamera shingoni, akampa. Ami Harub akaifungia ndani ya kasha la nguo, na ufunguo akauning'iniza kwenye ukanda wa khanjari yake.

Bi Hilda alikuja kumtetea. Ami Harub alimkaribisha kwa kahawa na halua, akamsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Kabla ya mwaka kuisha mumewe alihamishwa, na siku ya kuaga Bi Hilda alileta bahasha iliyotoka Bahareni. Ndani yake alikuwa mbweha. Alikuwa amejaa picha nzima, ndevu zake zinahesabika, macho yake yanatazama moja kwa moja.

Ami Harub aliichukua picha ile akaipeleka dirishani. Akaiangalia muda mrefu.

"Huyu yuko hapa? Hapa kwetu?"

"Nyuma ya nyumba yako, ami. Kila alfajiri."

"Miaka ishirini nakaa hapa," alisema pole pole, "sijapata kumwona." Akamrudishia picha. Kamera hakuirudisha.

Tangu kamera kufungiwa ikapita miaka mitatu. Mahbuba aliandika barua ya tatu, na ya nne. Aliendelea kwenda darini alfajiri bila ya kitu mkononi, mwaka wa kwanza kila siku, mwaka wa pili baadhi ya siku. Mwaka wa tatu aliacha. Alisema kumwona mbweha na kutoweza kumpiga picha kulimchosha kuliko kutomwona.

Julai 1970 Sultani aliondolewa na mwanawe, utawala ukabadilika. Mji ulishangilia, na lango la mji likawa linabaki wazi hata usiku. Ami Harub alifungua kasha siku ya tatu. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula chuma, kamera haikubonyezeka. Alikwenda nayo Matrah kwa fundi saa wa Kihindi, akarudi nayo magharibi ikifanya kazi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa mwoga."

"Sote tulikuwa waoga, ami."

Ijumaa ile Ami Harub alimchukua Mahbuba na mama yake mpaka Sidab, kijiji cha wavuvi, kwa miguu. Ufukweni shakwe walikuwa mamia, wanagombania matumbo ya samaki. Mahbuba aliinua kamera, akaishusha. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia. Palikuwa hapana ukuta, hapana tundu la shuka, na ndege walikuwa pande zote.

"Piga basi," alihimiza Ami Harub.

"Sijui nisimame wapi," alisema Mahbuba.

Hakupiga hata picha moja. Alimwomba mama yake warudi, na njiani alitembea karibu na jabali, bega lake likiligusa. Ijumaa iliyofuata walikwenda tena, na ya tatu vile vile. Ya nne ndipo alipopiga, shakwe mmoja aliyempa mgongo, na picha yenyewe ilitoka imepinda.