Mla Sauti wa Ngazi Zetu

Karatasi ikitoka kwenye mashine ya fotokopi huwa na harufu ya pasi iliyosahaulika juu ya kitambaa. Mpaka leo harufu hiyo hunirudisha utotoni. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na duka la fotokopi la mjomba Sudi lilikuwa chini ya ghorofa tuliyopanga, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Juu yetu waliishi kina Hetal. Binamu yake alikuwa amemletea kutoka ng'ambo kitabu kinene cha mchezo: mmoja wenu anasimulia nchi ya mazimwi, wengine mnakuwa mashujaa wake, na dadu la pande ishirini linaamua nani anusurike na nani aumie. Likizo ile nzima tuliucheza ngazini, watoto watano, huku wachuuzi wakinadi chupa za chai na mashuka huko chini.

Hetal, mwenye kitabu, alikuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa hesabu. Aliruhusu yeyote atunge kijitabu cha nyongeza, ila kwa masharti yake. Ukurasa wa kwanza useme wazi kwamba hayo umeyatunga wewe, hayamo kwenye kitabu kikubwa. Na kanuni ikishachezwa haifutwi mpaka wote waliokuwepo wakubali. Mimi nikamtunga Mla Sauti, zimwi la ngazini. Ukirusha dadu ukapata moja, anakunyang'anya sauti, basi. Nilijivunia sana hilo "basi," maana lilitisha. Mjomba akanitolea nakala ishirini, na wiki haijaisha baadhi zilishafika Ilala, mikononi mwa watoto nisiowajua hata kwa sura.

Jumanne Hetal alirusha dadu akapata moja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akamaliza mchezo kwa ishara za mikono. Alhamisi mama akaniambia Hetal amelazwa, koo limevimba, sauti haitoki kabisa. Sikumwambia mtu, lakini nilijua ni mimi. Nikaanza kusaka nakala zangu nyumba kwa nyumba na kuzichana. Nilipata kumi na sita, nne hazikuonekana. Mchana kweupe nilipanda ngazi zile nimeziba mdomo kwa kiganja, Mla Sauti asije akajua kuwa nami ninayo. Kuchana hakukunituliza hata kidogo. Kwa masharti ya Hetal kanuni ilikuwa bado hai, na bila ridhaa yake haifutiki. Je, akifa kabla hajakubali? Wazo hilo lilininyima chakula siku tatu.

Jumapili akarudishwa nyumbani, bado hasemi. Nilipanda kwao.

"Shikamoo, mama Hetal."

"Marahaba, mwanangu. Dakika tano tu, na usimsemeshe."

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote kwa kilio: ni mimi niliyemfanya hivi, naomba akubali tuifute. Akaomba kalamu kwa kidole. Nilidhani ataandika kwamba urafiki umekwisha. Aliandika: "Hatufuti. Zimwi zuri. Ila hujaandika mtu anaponaje." Akanisukumia karatasi. Nikaandika kwamba mwenzake akikaa naye zamu tatu bila kukimbia, sauti hurudi. Hetal akasoma, akanyoosha vidole vitatu, akanionyesha kigoda. Nikakaa. Dakika tano zilipita, na mama yake hakunifukuza.

Sauti yake ilirudi baada ya siku tisa, ya kukwaruza, na imebaki hivyo. Najua sasa kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa koo tu, dadu halikuhusika. Duka la mjomba siku hizi linauza kava za simu, nami naishi kwa kutunga vijitabu vya nyongeza kwa michezo ya watu wengine. Navituma kwa kompyuta, vinakwenda mbali kuliko Ilala, na nikishatuma siwezi kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Bado naogopa, sikufichi. Ndiyo maana kabla ya kutuma humpigia Hetal nikamsomea zimwi jipya. Hasifii, wala haulizi lina nguvu gani. Husubiri nimalize, kisha kwa sauti ileile ya kukwaruza huniuliza, "Anaponaje?" Nikikosa jibu, situmi.